Kufundisha Kemia kwa Fikra ya Mfumo: Mfano wa Maji ya Uwanda wa Kati

Mwanachuo anayemaliza masomo ya kemia huwa amesoma habari za maji mara nyingi. Ameyasoma katika mada ya kampaundi, kwamba molekuli yake ina atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Ameyasoma katika mada ya miyeyusho, kisha katika maji magumu na maji laini, kisha tena katika afya na usafi. Lakini mwulize mwanachuo huyo kwa nini watoto wa baadhi ya vijiji vya Singida wana madoa ya kahawia kwenye meno hali wanapiga mswaki kila siku, naye mara nyingi hatajua aanzie mada ipi. Jibu analo, ila limo kichwani mwake vipande vipande, kila kipande katika daftari lake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza njia ya kufundishia inayoitwa fikra ya mfumo, na kuonyesha jinsi inavyoweza kutumika katika vipindi vya kemia chuoni. Mfano wetu ni maji ya visima vya Dodoma na Singida. Tumeuchagua kwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi atakayepangiwa kazi katika mikoa hii hatauepuka: atauona kila siku vinywani mwa baadhi ya wanafunzi wake.

Maana ya mfumo

Mafiga matatu yaliyotupwa uani ni mawe tu. Yakipangwa, yakawekewa kuni, moto na chungu, huwa jiko, na jiko hufanya kazi ambayo hakuna jiwe wala ukuni unaoweza kuifanya peke yake. Huo ni mfumo: kuna sehemu, kuna viungo kati ya sehemu, na kuna tabia inayozaliwa na viungo hivyo. Mwenye fikra ya mfumo huuliza maswali manne ambayo somo la kawaida la kemia huyapita. Kitu hiki kimetoka wapi, na kinakwenda wapi? Kiasi gani kinaingia, kiasi gani kinatoka, na kiasi gani kinabaki kama akiba? Matokeo ya jambo yanarudi vipi kulisukuma au kulizuia jambo lenyewe? Na je, ni muda gani unapita kati ya chanzo na tokeo?

Swali la mwisho, la muda, ndilo tunaloliona kuwa muhimu kupita yote, na tutalirudia.

Nadharia ya mifumo ilipata umbo lake katika karne ya 20. Kitabu mashuhuri cha mwanabiolojia Ludwig von Bertalanffy juu ya nadharia hiyo kilitolewa mwaka 1968. Katika ufundishaji wa kemia, Ameen Fahmy wa Chuo Kikuu cha Ain Shams nchini Misri na Joseph Lagowski wa Chuo Kikuu cha Texas walianza kueneza mbinu ya kimfumo mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2017 umoja wa kimataifa wa wanakemia, IUPAC, ulianzisha mradi wa kuingiza fikra hii katika elimu ya kemia, na mwezi Desemba 2019 jarida la Journal of Chemical Education lilitoa toleo maalumu juu yake. Mfano unaopendwa sana katika maandishi hayo ni kiwanda cha amonia, ambayo imelisha mamilioni kwa njia ya mbolea, ikatengenezewa baruti, na kuchafua mito. Ni mfano mzuri. Hata hivyo mwanachuo wa Mpwapwa au Bustani hawezi kuuchota kwa ndoo akaupeleka darasani, na maji anaweza.

Kutoka mwamba hadi kisima

Sehemu kubwa ya uwanda wa kati imekaa juu ya mwamba wa kale wa itale na jamii zake. Mvua inaponyesha, maji hupita katika udongo na kuchukua kaboni dioksidi inayotokana na pumzi za mizizi na vijidudu, yakawa asidi hafifu. Asidi hii huula mwamba polepole mno. Madini yaitwayo feldispa hugeuka udongo wa mfinyanzi, na kuachia majini ayoni za sodiamu, kalsiamu na haidrojenikaboneti. Madini mengine ya mwamba huo, yakiwemo ulanga, apataiti na floraiti, huachia floridi. Hapa mkufunzi tayari amepita katika asidi, chumvi, ayoni na mabadiliko ya kikemia, wala hajaondoka kwenye jiwe moja la mlimani.

Mvua ya Dodoma ni haba, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Jua na upepo vina uwezo wa kuvukiza zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Mto Bubu hutelemka kutoka pande za Kondoa hadi mbuga ya Bahi, na safari yake hukoma hapo. Hakuna mto unaotoka Bahi kwenda baharini. Maji huondoka kwa njia ya hewa, na chumvi iliyoletwa nayo haina njia ya kuondoka. Ndiyo sababu Wagogo wa pande hizo tangu zamani waliweza kukwangua udongo wa mbugani, kuuchuja kwa maji na kuyachemsha maji hayo hadi wakapata chumvi ya kupikia. Kuyeyusha, kuchuja, kuvukiza: mbinu tatu za kutenganisha michanganyiko tunazozifundisha kwa chupa za maabara zimo katika kazi hiyo moja ya wazee wetu.

Sasa tufike kwenye kiungo ambacho bila fikra ya mfumo hakionekani. Maji yanapopungua kwa kuvukizwa, kalsiamu hukutana na kaboneti na kutuama kama chokaa:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + CO₂ + H₂O

Mawe meupe ya chokaa yanayokutwa katika udongo wa Bahi na Manyoni yametokana na mwendo wa namna hii. Lakini kalsiamu ilikuwa na kazi nyingine humo majini. Ndiyo iliyokuwa ikiizuia floridi isizidi, kwa kuwa kalsiamu floridi haiyeyuki kwa urahisi:

CaF₂ ⇌ Ca²⁺ + 2F⁻

Kalsiamu ikiondoka, mlango unafunguka. Kwa hesabu ya msawazo huo, kalsiamu ikipungua hadi robo, kiasi cha floridi kinachoweza kubaki majini huongezeka mara mbili. Hivyo maji yenye sodiamu na magadi mengi lakini kalsiamu kidogo yana nafasi kubwa ya kubeba floridi nyingi. Na hayo ni maji laini, yanayotoa povu zuri la sabuni! Mama anayekwenda kisima cha mbali kwa kuwa maji yake yanafua vizuri anafuata dalili ya kweli ya kikemia. Ila dalili hiyo inamweleza habari za nguo zake, na juu ya meno ya mtoto wake haimwambii neno. Huenda hata ikampoteza. Tusiseme kwamba kila maji laini yana floridi, maana maji ya mvua ni laini kuliko yote na karibu hayana floridi kabisa. Tunachosema ni kwamba mwanachuo aliyejifunza maji magumu katika kipindi kimoja na elementi za kundi la klorini katika kipindi kingine hatakiona kiungo hiki hadi aonyeshwe.

Jino, mfupa na chungu cha mlenda

Tabaka gumu la nje la jino limejengwa kwa madini ya fosfati ya kalsiamu. Floridi ikija, huingia mahali pa ayoni ya haidroksidi:

Ca₅(PO₄)₃OH + F⁻ → Ca₅(PO₄)₃F + OH⁻

Floridi kidogo huliimarisha jino dhidi ya asidi zinazotokana na mabaki ya chakula. Ikizidi wakati jino linajengwa, ujenzi huharibika, na jino hutoka likiwa na madoa meupe, baadaye ya kahawia, na pengine vishimo. Ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania katika miaka ya 1970 iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa kufuata kiwango cha chini kungefunga visima ambavyo watu hawakuwa na badala yake. Baadaye kilishushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Mwanachuo ayatazame mabadiliko hayo kwa makini. Namba iliyoandikwa kwenye kitabu kama kiwango cha usalama nayo ilitokana na mfumo: kemia, afya, fedha na umbali wa kisima kingine.

Turudi kwenye suala la muda. Meno ya kudumu hujengwa ndani ya ufizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi kufikia umri wa miaka saba au minane hivi, magego ya mwisho yakiachwa. Meno ya mbele huchomoza mtoto akiwa darasa la kwanza au la pili. Kwa hiyo doa analoliona mwalimu leo lilisababishwa na maji yaliyonywewa miaka mitano au sita iliyopita. Mswaki hauliondoi, na kukemewa kwa uchafu hakulifuti. Mtoto anayefunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka hana kosa lolote la usafi, na mwalimu anayemsimamisha mbele ya wenzake amekosea kemia kabla ya kukosea malezi. Anayeweza kuokolewa ni mdogo wake aliyeko nyumbani, asiyejulikana hata na rejista ya shule. Mafundisho ya darasani lazima yamfikie huyo.

Maji si njia pekee. Katika Dodoma mlenda huungwa kwa magadi, na maharage magumu hulainishwa kwayo. Magadi ni chumvi za kaboneti za sodiamu zilizobaki baada ya maji ya namna ile ile kukauka, na baadhi ya magadi yana floridi nyingi. Uchunguzi uliochapishwa katika miaka ya 1990 hapa nchini ulionyesha meno yaliyoathirika hata mahali ambapo maji yalikuwa na floridi kidogo, na magadi yakatajwa kuwa sababu. Je, tuwaambie akina mama waache magadi? Fikra ya mfumo inatutaka tungoje kidogo. Magadi, kwa kuwa ni alikali, hulegeza kuta za seli za maharage, yakaiva upesi. Yakiondolewa, chungu kitakaa motoni zaidi, kuni zitahitajika zaidi, na miti itakatwa zaidi katika nchi ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ya mmomonyoko. Isitoshe, kadiri chungu kinavyochemka ndivyo maji yanavyopungua na floridi iliyomo kukolea. Ushauri unaofaa ni kuloweka maharage usiku kucha, kumwaga maji yale, na kupika bila magadi au kwa magadi kidogo. Ushauri huo mfupi umepita kwenye kemia ya alikali, ya mmea na ya moto.

Vilevile tusiwadanganye wanafunzi juu ya kuchemsha. Tunawafundisha, na ni haki yetu kuwafundisha, kwamba maji ya kunywa yachemshwe ili kuua vijidudu vya kipindupindu na kuhara. Kuchemsha hakuondoi floridi hata chembe.

Mfupa, hata hivyo, unaweza kuiondoa. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha, mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri kwa joto linalodhibitiwa, husagwa chengachenga, na maji hupitishwa humo. Badiliko lililoandikwa hapo juu hutokea ndani ya chujio badala ya kutokea ndani ya mtoto: madini yale yale, floridi ile ile. Tumeona mara nyingi jinsi darasa linavyotulia jambo hili linapoeleweka. Lakini joto likipungua maji hunuka, likizidi mfupa hupoteza uwezo wake. Chujio huchoka na lazima lijazwe upya. Na zipo nyumba zitakazotaka kujua mfupa ni wa mnyama gani na alichinjwaje. Hayo yote ni sehemu za mfumo. Kwa sababu hiyo pia tunakataza kabisa mwanachuo kutengeneza chujio la mifupa na kuwanywesha watoto maji yake bila kipimo.

Jinsi ya kuendesha vipindi

Vifaa ni vichache. Chota maji ya visima viwili tofauti na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi. Tia kiasi kilicho sawa katika chupa tatu, ongeza chembe za sabuni ya mche zilizo sawa, tikisa, na upime kimo cha povu kwa rula. Kausha vijiko vichache vya kila maji kwenye kifuniko cha sufuria, kisha linganisha ukoga uliobaki. Dondoshea maji ya limau kwenye jiwe jeupe la chokaa na kwenye utando mgumu wa ndani ya birika. Vyote viwili vitatoa mapovu, na wanachuo wataona kuwa birika na mbuga vimefanya kazi moja. Floridi haionekani kwa macho wala haionjeki. Sampuli ipelekwe maabara ya maji, au chuo kiombe takwimu za kisima kutoka RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019.

Baada ya majaribio hayo ndipo mchoro uanze ubaoni. Wanachuo wataje sehemu: mvua, mwamba, kisima, mbuga, chungu, mtoto, mfupa. Waziunganishe kwa mishale. Sheria yetu ni moja na hatuilegezi: mshale usio na jina la mwendo unafutwa. Kati ya “mwamba” na “kisima” haitoshi kuchora mstari. Iandikwe “asidi hafifu huyeyusha”, na palipo na badiliko la kikemia iandikwe milinganyo yake. Mshale ambao darasa halijaweza kuupa jina uwekewe alama ya kuuliza na uachwe hadi kipindi kijacho. Fahmy na Lagowski nao huanza na mchoro wenye viungo visivyojulikana, na somo huendelea kwa kuvitambua kimoja kimoja. Mchoro wa namna hii ukikaa ukutani muhula mzima, mkufunzi ana andalio la mada sita.

Kisha uje mtihani wa mchoro, yaani maswali ya “itakuwaje”. Kijiji kikichimba kisima kirefu zaidi, maji yaliyokaa na mwamba kwa muda mrefu zaidi yatakuwaje? Shule ikipata tangi moja la maji ya mvua lisilotosha watu wote, litumike kwa nani na kwa kazi gani? Tangi hilo halitoshi kufulia wala kuogea, lakini laweza kutosha uji na maji ya kunywa ya watoto wadogo wa darasa la awali. Mwanachuo anayefikia jibu hilo mwenyewe, na kulitetea kwa milinganyo, ameelewa kemia kuliko yule aliyekariri sifa za klorini, bromini na iodini.

Lugha nayo inataka maandalizi. Mwanachuo alijifunza kemia ya sekondari kwa Kiingereza, naye atafundisha darasani kwa Kiswahili. Mchoro humlazimisha kutafuta kitenzi kwa kila mshale, na kwa maoni yetu vitenzi ndivyo vinavyompungukia kuliko majina: huyeyuka, hutuama, huvukizwa, hukolea, hubadilishana.

Mahali pa kuweka mpaka

Njia hii ina hatari yake. Kila kitu kinaungana na kila kitu, na darasa lisilozuiwa litatoka kwenye kisima likafika kwenye bei ya sabuni na siasa za dunia, kemia ikiwa imesahauliwa njiani. Kwa hiyo mpaka uchorwe kwa chaki tangu mwanzo na uelezwe sababu yake. Bahi na Makutupora haziko mbali sana, lakini maji ya Bahi yamo katika Bonde la Kati lisilo na mlango, na Makutupora, panapotoka sehemu kubwa ya maji ya jiji la Dodoma, pamo katika bonde la Wami ambalo mito yake huelekea Bahari ya Hindi. Mwanachuo akizichanganya, hesabu ya chumvi haitakubali.

Tena, hatupendekezi kuacha mafundisho ya msingi. Asiyejua ayoni ni nini hawezi kuipa jina mishale yake, na mchoro mzuri wa mtu asiyejua kusawazisha milinganyo ni pambo tu la ukuta. Katika vipindi vitano, tungetoa vitatu kwa misingi na viwili kwa mfumo.

Kwa wale watakaotaka kujaribu mchoro wa pili, Makutupora ina somo zuri la akiba na muda. Kina cha maji ya ardhini kimepimwa hapo tangu miaka ya 1950, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa akiba haijazwi na mvua za kawaida za kila mwaka. Hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno, mkubwa kuliko yote ukiwa ule wa 1997 na 1998. Kati ya misimu hiyo kiwango hushuka, na mji hukua. Juu ya akiba hiyo wanachuo waweke choo cha shimo, ambamo bakteria hugeuza amonia kuwa naitreti inayoyeyuka na kushuka na maji, kisha wakadirie umbali wa kisima cha jirani na idadi ya miaka.

Kuhusu mchoro wa kwanza, kazi ya mazoezi ya kufundisha tunayoipendekeza ni hii. Mwanachuo awape wanafunzi wa darasa la tano au la sita maswali mawili ya kwenda kuuliza nyumbani: maji ya kupikia uji wa mtoto mdogo hutoka kisima gani, na mlenda huungwa kwa kitu gani. Majibu yaletwe kesho yake na kuandikwa ubaoni bila kutaja jina la familia yoyote.